Dereva wa Lile Jekundu

Moagi alishika simu kwa mkono mmoja. Mwingine alikuwa ameutia ndani ya kiatu cha mwanawe, kile kimoja kilichookotwa barabarani.

Bima ilikuwa moja kwa magari yote matatu ya nyumbani. Angemwandika kijana dereva wa lile jekundu, ada ingepaa. Basi alijiandika yeye kwenye yote, kama wafanyavyo akina baba wengi hapa Mahikeng.

"Mzee, simu hii inarekodiwa," binti wa bima alisema kwa upole. "Nani alikuwa analiendesha?"

Akikiri, bima yote inafutwa, hata ya gari la mkewe.

"Mimi."

Akasikia karatasi zikifunuliwa.

"Mzee wangu, polisi wameandika dereva alifia palepale."

"Ndiyo," Moagi akasema. "Ni mimi."