Swali la Kumi na Nne

Lori lilikuwa limepakia taka za kiwanda zenye uvundo wa kuangusha kunguru angani, na lilikuwa linakwenda kuzimwaga kwenye chemchemi ya mji. Vijana wanane walikuwa wamekaa barabarani kulizuia. Mtafiti Tunu akawainamia na fomu yake.

"Swali la kumi na nne: vijana wa hapa hushiriki kutetea haki?"

"Dada, una macho wewe?" mmoja wao, Mwanjaa, alifoka. "Mwaka jana uliuliza hayohayo, ukaenda zako. Sasa tuteke maji kwenye fomu?"

"Ondokeni, nitawasaga kama pilipili!" dereva alipayuka, akaligeuza lori kuelekea nafasi iliyobaki kati ya Mwanjaa na mtaro.

Tunu alitazama gurudumu, akatazama fomu. Akaitandika vumbini katika nafasi ile, akakusanya sketi yake, akaanza kukaa juu yake.