Siku ya Kuiaga Meli

"Miaka hamsini na mbili baharini, na haijapoteza mtu hata mmoja!" Ndivyo lilivyosema bango kwenye mlango wa chumba cha injini, siku watu walipoiaga ile meli kongwe ya abiria kabla haijavutwa kwenda kukatwa iwe vyuma chakavu.

Bi Mgeni alilisoma mara mbili, akamgeukia meneja wa kampuni ya meli.

"We baba, umeandika nini hapa? Mume wangu Khatibu alifia humu, bomba la mvuke lilimpasukia. Si nyie mlioniletea maiti nyumbani?"

"Pole, bi mkubwa. Hapo tumehesabu abiria tu."

"Kumbe fundi wa injini si mtu! Miaka ishirini anawaendeshea meli, si mtu!"

Waliokuwa wanajipiga selfi wakashusha simu. Bi Mgeni akanyoosha kidole kwenye ubao wa misumari ukutani. Kila fundi aliyeshuka chini alitundika hapo kipande chake cha shaba chenye namba, na akipanda alikitoa mwenyewe. Mlango haufungwi mpaka misumari yote iwe mitupu. Sasa yote ilikuwa mitupu, isipokuwa mmoja. Namba kumi na nne, namba ya Khatibu. Wenzake hawakuthubutu kuigusa miaka yote hiyo; walifunga mlango wakiuruka msumari wake.

"Basi hamfungi," alisema. "Kuna mtu chini."

Nje, boti ya kuvuta ikapiga honi. Injinia mkuu, aliyekuja kufunga kwa mara ya mwisho, alibaki ameshika komeo, macho kwenye ile shaba.