Rupia za Baba

"Nani amezisugua?" aliuliza mzee anayenunua sarafu za kale hapa Mlandege.

"Mimi, baba. Kwa majivu na ndimu, kama sufuria." Nilitabasamu. Zilikuwa rupia kumi na moja za enzi ya Mjerumani, alizokusanya marehemu baba yangu. Nilitaka zimpeleke mwanangu Asmaa hospitali ya Mbeya akapasuliwe mguu.

Mzee alishusha pumzi. "Pole, binti yangu. Ule weusi wa miaka mingi ndio unaonunuliwa. Hakuna hata moja uliyoiacha bila kuisugua? Hiyo moja ingetosha."

Ilikuwepo, ya kumi na mbili. Babu yake alimwekea Asmaa kiganjani asubuhi aliyofariki, na tangu siku hiyo halali bila kuishika.

Nilimshusha mgongoni akiwa usingizini. Ngumi yake ilikuwa ya moto. Nikaanza na kidole gumba.