Essieu ya Kiwanda

Jean-Luc alikuwa amelala chali chini ya jeep ya marehemu kaka yake, akigonga essieu, ekseli yake, kwa nyundo na kusikiliza. Miguu yake tu ndiyo ilionekana, na viatu vya ngozi. Viatu vilikuwa vya marehemu.

"Munasikia?" alisema kutoka kule chini. "Inalia kama kengele ya parokia. Iko muzima. Mama Jenny anatudanganya eti haitabeba mizigo."

Numbi, mjane, alisimama mlangoni na kitambaa cheusi kichwani.

"Nimetoka kwenye misa asubuhi hii, shemeji. Sidanganyi. Jeep hii ilitoka kiwandani nyepesi. Ni mume wangu Déogratias aliyeongeza mabamba ya chuma, matairi ya kamyo, na lile sanduku la kubebea mifuko ya madini. Lakini essieu, kile chuma kinachobeba vyote, hakuigusa. Ni ile ile ya kiwanda."

Kilio kilikuwa kimekwisha jana. Leo ndugu wa mume walikuwa wamekuja Kikula kuchukua vitu vya kaka yao. Frigo, cherehani, kitanda, hata mabati ya jikoni, vyote vilikuwa vimeshafungwa kwa kamba nyuma ya jeep. Na juu ya mabati, amekaa na mkoba wa shule magotini, alikuwa Jenny, binti wa marehemu.

Adrienne, dada mkubwa wa marehemu, aliunyakua ule mkoba akautupa uani.

"Kule kwangu Kakanda utachambua mawe ya madini na wenzako. Kitabu cha nini?"

"Tantine, daftari yangu..."

"Nyamaza!"

Numbi aliuokota mkoba, akaupangusa vumbi. Hakulia. Jana alilia, akapiga magoti mbele ya watu wote akiomba aachiwe mtoto, na Adrienne akamjibu kwamba mtoto ni damu yao, yeye arudi kwao akazae wengine.

"Njia ya Kakanda iko na mashimo," alisema taratibu. "Iko na ule mteremko mrefu kabla ya mto. Kama minye ni muongo, muulizeni fundi."

Jean-Luc alitoka chini ya jeep, akajifuta mikono kwenye pazia la Numbi. Alikuwa dereva wa teksi Lubumbashi, na barabara zake zote zilikuwa za lami. Hakumtaka fundi wa marehemu. Akamwita Godefroid, anayetengeneza pikipiki kando ya soko.

"Angalia essieu tu," alimwonya. "Usianze kututafutia kazi ingine."

Godefroid aliinama, akaangalia kwa muda, akainuka.

"Ya kiwanda, kweli. Itabeba, lakini imefika mwisho wake. Mukikutana na mashimo, sijui. Toeni kitu."

"Kitu gani?"

"Frigo, kwa mfano."

Adrienne aliweka mkono juu ya frigo. "Frigo hapana."

"Basi cherehani."

"Weye fundi, nani amekulipa? Sisi ao huyu mujane?"

"Mabati, basi, mama."

"Mabati ni ya nyumba yangu!"

Wakatazamana. Jean-Luc akakuna kichwa, akatema mate.

"Mutoto abaki," alisema. "Nitamufuata siku ingine."

Godefroid alimtazama Jenny, na mikono yake myembamba. "Yeye? Yeye iko na uzito gani?"

Adrienne akakaza kamba ya frigo.

Numbi alikuwa ameshamshusha binti yake, kabla mtu hajabadili mawazo. Kisha akazunguka nyuma ya kabini, akafungua ukanda wa mpira, akaishusha ile bidoni, dumu kubwa la maji ambalo Déogratias hakusafiri bila hilo hata siku moja.

"Hata maji ni uzito," alisema.

Jean-Luc akacheka sana. "Munaona? Sasa akili imeanza kuingia. Acha ibaki! Radiateri imejaa, na kiu yangu minye haitake maji, inataka bia."

Jeep ikatoka uani polepole, ikiinama upande mmoja, Adrienne akiwa kabini na mkono wake nje ya dirisha, kama bibi arusi. Numbi alifanya ishara ya msalaba. Alibaki amesimama pale mpaka vumbi likatua.

Kesho yake mchana Godefroid alirudi, kofia mkononi. Alimkuta Numbi uani akifua sare ya shule kwa maji ya bidoni. Jenny alikuwa amekaa kizingitini, anaandika.

"Mama, pole. Jeep imewashinda kwenye mteremko. Imeingia mtoni."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Numbi aliinamisha kichwa. Midomo yake ilisogea kidogo, kama ya mtu anayesali.

"Ni essieu?" aliuliza.

"Hapana, na ndiyo inanishangaza. Tumeivuta, tumeiangalia, essieu iko muzima kabisa. Ni freni. Freni nazo zilikuwa za kiwanda, mama. Uzito umezipika, zimekuwa nyekundu kama makala ya moto, zikaacha kushika." Akaigeuza kofia mikononi. "Nimejiuliza njia yote. Marehemu, na mizigo ile yake ya kila juma, alikuwa anateremka namna gani pale?"

Numbi aliikamua sare.

"Papa alikuwa anasimama kule juu kwanza," alijibu Jenny, bila kuinua macho kwenye daftari yake. "Tena na katikati. Anamwagia magurudumu maji mpaka freni zinapoa. Mama ndiye alikuwa anamushikia bidoni."