Mtoto Sakafuni

Siku hizi, kama ilivyokuwa kwa Warumi wa kale, mtoto mchanga hulazwa sakafuni, na baba asipomnyanyua, hahesabiwi kuwa wake. Kamera hurekodi. Mtoto akitimiza miaka kumi na minane, hukabidhiwa video yake.

Tunu aliitazama yake mezani, baba yake, Shomvi, akiwa pembeni.

"Mbona ulikawia kuninyanyua, baba?"

"Nilikuwa natetemeka, mwanangu. Niliogopa kukudondosha."

Tunu akairudisha nyuma. Kwenye video, Shomvi aliutazama mlango kwanza, akautazama tena, ndipo akainama.

Asubuhi Tunu alimletea chai. Hakuiweka mezani. Aliiweka sakafuni, miguuni pake, akarudi nyuma na kusimama akimwangalia.

Safari hii Shomvi aliinama upesi, hata chai ikamwagikia vidole.