Uji wa Taa

Mtaani kwa akina Mwanahawa kila nyumba iliwasha taa kwa makombo yake yenyewe. Chakula kilichobaki kilichachushwa mtungini, na mabamba mawili ya platini yakaugeuza uchachu ule kuwa umeme. Ndiyo maana mgeni alitazama taa kwanza, ajue wenyeji wanashiba kiasi gani.

Mwanahawa hakuwa na makombo. Aliposikia wifi yake Zamda anakuja, alimimina mtungini uji wa wanawe, siku tatu mfululizo.

Zamda aliingia, akafinya macho kwa ukali wa mwanga. "Hongera, wifi. Kaka yangu amepata mke. Hapa watu wanakula mpaka wanasaza."

"Tunashukuru, wifi," Mwanahawa alijibu, macho chini.

Ndipo bintiye Siwema akaja na bakuli tupu, akaketi kando ya mtungi kwa adabu.

"Mama, taa imeshashiba? Zamu yetu bado?"

Zamda aliacha kutabasamu. Mwanahawa alitamani giza, japo kidogo, la kufichia uso. Lakini taa zile hazikuwa na swichi. Ziliwaka mpaka uchachu uishe, na mtungini mlikuwa na uji wa siku tatu.