Mche wa Tumu

Barua ya kazi ilikuwa na siku tatu mfukoni. Mshahara maradufu, mji wa mbali, na Mbwarali bado hajajibu. Asubuhi hiyo alichukua jembe akaenda kando ya mlango wa uani, kwenye mche wa mnazi uliopandwa pale kilipozikwa kitovu cha mwanawe.

"Baba Tumu, waung'oa?" aliuliza mkewe, mtoto akinyonya.

"Natazama kama utakubali kuhama. Siwezi kumchukua Tumu nikaacha kitovu chake."

Akaliweka jembe chini, akafukua kwa vidole. Ghafla akainama karibu zaidi. Mwaka mzima umepita, majani yamemfika kifuani, na ile nazi iliyooteshwa ingali imeshikamana na shina, ingali inaulisha mche.

"Subhanallah," alinong'ona. "Kumbe ulikuja na chakula chako."

Mkewe akachutama. "Basi mche utashika popote," alisema. Kisha akaonyesha kwa kidole. Mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, ulikuwa umeshaingia chini ya kizingiti cha nyumba yao.

Tumu akaacha ziwa, akanyoosha mkono, akaushika mzizi. Hakuuvuta.